Punda na Kanga Iliyoloa

Binti wa marehemu aliishika ile kanga kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya mfu kwa mkia, akainyanyua ili ndugu zake waione. Ilikuwa imekauka zamani, imekakamaa, lakini yeye aliishika kana kwamba bado inachuruzika maji. Akasema, "Hii ndiyo iliyomuua mama."

Hakuna aliyenitazama. Kaka yao mkubwa alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake cha kahawa. Kitindamimba alikuwa anakuna goti. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kwenye vigae, kwa sababu zulia la majlis, sebule ya wageni, lilikuwa jipya na mfanyakazi haruhusiwi kulikanyaga. Juu ya kichwa changu kiyoyozi kikubwa kilipuliza baridi mpaka meno yakaanza kugongana. Hilo ndilo nisilolisahau. Mama yao alikufa kwa joto, na sisi tulikutana kuzungumza kifo chake katika chumba chenye baridi kuliko vyote vya nyumba ile.

Na kabla mtu hajafungua mdomo tena, nilijua kitakachofuata. Sikukijua kwa akili zangu. Nilikijua kwa sababu marehemu mwenyewe alinisimulia, sijui mara ngapi, hadithi ya punda.

Wacha nianze nyuma.

Mimi ni mtu wa Mwingi, Ukambani. Shule niliiacha darasa la sita, ukame ulipomaliza mbuzi wetu. Nilikuja Omani kufanya kazi za nyumbani nikiwa tayari mtu mzima, na nyumba niliyopewa ilikuwa Sib, kando ya Maskati, upande wa soko, ambako asubuhi unanusa samaki kutoka ufukweni na mchana kutwa ndege zinakupitia juu ya paa zikienda kutua. Kazi yangu ilikuwa mtu mmoja tu, mama yao. Mimi nilimwita Bibi. Yeye aliniita "wewe wa bara", hata siku za mapenzi.

Siku moja nilimjibu. Nilimwambia, "Bibi, hiyo Bujumbura ulikozaliwa iko pwani ya wapi?"

Alicheka mpaka akapaliwa. "Ina ziwa," akasema. "Nyie kwenu mna nini, vumbi?"

Maana Bibi alikulia Bujumbura. Mamake alikuwa mtu wa Unguja, babake Mwarabu mwenye duka, na kwa kuwa shule nzuri ya wasichana ilikuwa ya masista, yule baba alimpeleka huko akamwambia masomo ayachukue, msalaba awaachie wenyewe. Masista waliwafundisha Kifaransa kwa mashairi ya wanyama. Ni mashairi ya zamani sana ya huko Ufaransa, ambamo simba, mbweha, kunguru, chura na punda wanazungumza kama watu, wanadanganyana, wanahukumiana. Kila msichana alisimama mbele ya darasa, mgongo umenyooka, mikono nyuma, akaghani shairi zima. Akikosea neno, alirudi mwanzo.

Sasa ugonjwa wa kusahau ulipomshika Bibi, ulianza kula kutoka juu kuteremka chini. Ulikula jana, ukala mwaka uliopita, ukala majina ya wajukuu, ukala na jina la mumewe aliyekaa naye umri mzima. Kuna siku alinishika mkono akaniuliza yule mwanamume kwenye picha ya ukutani ni nani na kwa nini anamkodolea macho. Lakini mashairi haukuyagusa. Nilikaa nikalifikiri jambo hilo sana, mimi nisiyejua Kifaransa. Nadhani ni kwa sababu ya vina. Mstari mmoja umemshika mwenzake mkono, ukimvuta mmoja wanakuja wote. Jina la mume linasimama peke yake, hakuna wa kulishika.

Basi mimi nikayafanya mashairi kuwa chombo changu cha kazi. Bibi alikuwa hataki kuogeshwa. Ukimgusa anakupiga makofi, anakuita mwizi. Siku moja bafuni, kwa kuchoka tu, nikaanza kuiga zile sauti za Kifaransa alizokuwa akizisema kila siku, maneno mawili matatu ya mwanzo, vibaya sana. Alinyamaza. Akasimama wima, akapeleka mikono nyuma, akanyoosha shingo, akaanza kughani kama msichana wa darasa. Nami mgongo wote ukawa wangu, nikausugua na sabuni taratibu. Kuanzia hapo nilimwogesha kwa mashairi. La kunguru lilikuwa fupi, lilitosha uso na mikono. La punda lilikuwa refu, hilo lilikuwa la siku ya kuosha nywele. Nikimrukia mstari alinisahihisha kwa ukali, "Rudi mwanzo," na tukarudi mwanzo, maji yanamwagika.

Siku ambazo kichwa kilikuwa kimetulia alinitafsiria kwa Kiswahili, nikimkanda miguu. Ndipo tulipogombana. Kwetu nyanyangu alitusimulia sungura na fisi, na siku zote sungura, mdogo vile, anamshinda fisi kwa akili. Hizi za Bibi hazikuwa hivyo. Humo mwenye meno mara nyingi ndiye mwenye haki, na mdogo akijitetea kwa maneno mazuri analiwa na maneno yake. Nilimwambia hadithi gani hizi za kufundisha watoto, hazina huruma.

"Nnakwambia kitu," akasema. "Huyo sungura wenu anakudanganya. Umetoka kwenu na akili za sungura, umefika hapa, umemshinda fisi yupi?"

Nikaendelea kukanda. Nilikuwa nimeshika mguu wake, na paspoti yangu ilikuwa kwenye kabati la mwanawe.

Ile ya punda ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Tauni imewaingia wanyama, wanakufa. Simba anaitisha baraza: kila mmoja aseme dhambi yake, na mwenye dhambi kubwa atolewe kafara ili balaa iwaondoke wengine. Simba anakiri yeye mwenyewe, amekula watu wasio na kosa. Mbweha anasimama kumtetea, eti kuliwa na mfalme ni heshima. Wakubwa, chui na wenzake, wanakiri mmoja mmoja, na kila mmoja anapata wa kumsafisha. Mwisho anakuja punda. Anasema aliona njaa, akapita penye majani yasiyo yake, akakata kiasi cha upana wa ulimi. Wote wanaruka: huyo, ni huyo.

Alipokuwa mzima, Bibi aliisema hadithi hii akicheka. Alipozidi kuugua akaanza kumlilia punda. Aliniuliza, "Wamemwachia?" Nami nikamjibu, "Wamemwachia, Bibi." Mara nyingine alilala na jibu hilo. Mara nyingine alinitazama kwa yale macho yake ya kijivu akasema, "Mwongo wewe. Hawamwachii."

Watoto wake ni watatu. Majina yao siyaandiki, wanajijua, na mtaa wao unawajua. Mwana mkubwa ana ofisi ya serikali kule Maskati mjini. Binti ana duka la mabuibui Azaiba. Kitindamimba ana kazi ya kompyuta na gari zuri. Kila Ijumaa walikuja kula wali, wakambusu Bibi mkono, wakaniuliza amekula nini, wakaondoka.

Ghorofa ya chini ya nyumba ile kulikuwa na vyumba viwili tu vyenye kiyoyozi, cha Bibi na majlis ya wageni. Mimi nililala stoo karibu na jiko, na feni. Juu, vyumba vyao vya utotoni vilifungwa tangu walipohama, na Bibi ngazi hawezi. Majlis pia ilikaa imefungwa, mlango mzito wa msaji, madirisha yenye vyuma, ifunguliwe kwa wageni na Idi. Ufunguo alikuwa nao binti. Aliniambia wazi siku ya kwanza kwamba wafanyakazi waliopita walikuwa wakiingia kulala humo kwenye baridi.

Kiyoyozi cha Bibi kilianza kukoroma kabla joto halijafika. Nilimwambia mwana mkubwa Ijumaa moja, nikamwambia na Ijumaa nyingine. Aliweka kiganja chini yake akasema, "Mbona kinapuliza."

Kisha ikafika kharifu, ule msimu ambao kwetu Maskati ni tanuri na kule Salala, kusini kabisa, ni manyunyu na ukungu na majani mabichi, na kila mwenye uwezo anafunga nyumba anakwenda kunyeshewa. Walikwenda wote watatu na familia zao. Waliona Bibi hawezi safari ndefu, nami nipo. Binti alinipa maagizo ya chakula, akaondoka na furushi la funguo kwenye mkoba.

Kiyoyozi kilikufa walipokuwa njiani.

Nilimpigia mwana mkubwa. Alisema nimpe mama maji, nifunge mapazia, fundi atakuja, na nisimfungulie mlango mtu ambaye yeye hakumtuma. Fundi hakuja. Nikampigia tena, nikasikia watoto wanacheka nyuma yake na mvua inapiga kwenye kioo cha gari. Akasema fundi atakuja.

Nilimpigia binti nikamwomba majlis. Hii simu naikumbuka neno kwa neno.

"Ufunguo ninao hapa," akasema.

"Basi nivunje mlango, bi mkubwa. Mama anapata shida."

"Uvunje majlis ya watu? Una wazimu? Mama amezaliwa Afrika, joto analijua kuliko wewe."

Kitindamimba hakupokea. Nilimtumia sauti yangu kwenye simu, nikamtumia na sauti ya Bibi akipumua. Alama za kusikilizwa niliziona. Jibu sikuliona.

Sijui kama aliye mbali na Maskati anaweza kuelewa joto lile. Ukuta unaugusa unaunguza. Maji ya bomba yanatoka ya moto hata ya baridi. Nilimhamishia Bibi korido, nikamrudisha, nikamweka sakafuni kwenye vigae. Feni yangu ya stoo niliileta ikawa inatupulizia moto. Nilijaribu mlango wa majlis kwa kisu cha jikoni, kisu kikapinda. Chini ya mlango, kwenye ule mwanya, nililaza mkono wangu, na sijui kama ni kweli au ni tamaa, niliona kama kuna ubaridi unatoka.

Bibi alizinduka alasiri ile, akawa mwenyewe kabisa, kama taa inayowaka kabla ya kuzima. Akasema, "Loweka kanga, unifunike. Tulipohamia hapa umeme haujafika, wazee walilala hivyo."

Nikaiweka kanga yake kwenye beseni na barafu yote iliyokuwa kwenye friji, nikamfunika nayo kutoka kifuani hadi miguuni. Alivuta pumzi, akafumba macho kwa raha. Ikikauka niliiloweka tena. Nami nikaloweka kanga yangu nikajifunika, tukawa wawili sakafuni kama maiti mbili zilizooshwa. Nikamwanzishia shairi la punda ili asilale, maana niliogopa akilala hataamka. Alighani na mimi, amelala, mikono akaitia chini ya mgongo, alivyofundishwa. Katikati akapotea. Nikamwambia, "Rudi mwanzo, Bibi." Hakurudi.

Nilivunja agizo la mwana mkubwa, nikatoka mbio na nguo iliyoloa mpaka duka la jirani. Mwenye duka ni Mhindi wa Kerala, tulizoea kusalimiana tu. Ndiye aliyeita ambulensi, maana mimi Kiarabu changu ni cha jikoni. Ndiye aliyemwinua Bibi pamoja nami. Mungu amlipe. Nilipofika nao hospitali mimi mwenyewe nilianguka pale mapokezi, nikazindukia na dripu mkononi. Nikauliza Bibi yuko wapi. Nesi alivuta pazia tu.

Wanawe walirudi kwa ndege. Kumwosha sikutegemea, dini ni dini, waoshaji ni wanawake wa Kiislamu na mimi ni Mkristo. Lakini mgongo ule niliujua mimi kuliko yeyote, na nilipoomba kusimama mlangoni tu nimuage, binti alisema sasa hivi hatutaki mikosi. Nilikaa jikoni nikapika kahawa ya waliokuja kuhani.

Watu wa nje walipokwisha ndipo wakaniita majlis. Sikuambiwa nikae. Mwana mkubwa alianza mwenyewe, na kwa kweli alilia. Alisema ile simu ya fundi alinuia kupiga, akasahau, wageni, safari, mtoto alitapika njiani. Binti akamwambia, "Usijitese, ndugu yangu. Una mikono mingapi? Wizara nzima iko juu yako."

Binti naye akasema labda angeacha ufunguo. Kaka yake akamkatiza. Alisema majlis ni heshima ya familia, mwanamke mwenye akili haiachi wazi kwa watu wa kupita. Kitindamimba akasema kule milimani mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Wakamwambia wallahi ni kweli, hata sisi ulitusumbua.

Mimi pale mlangoni nikawa nahesabu. Simba amekwisha sema. Chui amekwisha sema. Nilimsikia Bibi sikioni akighani, na nilijua ni mstari gani unafuata.

Mwana mkubwa akainua macho. "Na wewe? Ulimfanya nini?"

Ningeweza kunyamaza. Sungura wa nyanyangu angesema jambo la akili. Mimi nilisema kweli, kama yule mjinga wa masikio marefu. Nilisema nilimloweshea kanga, nikamfunika.

"Kanga mbichi?" binti akasema. "Mgonjwa wa umri ule? Kifuani?" Akatoka, akarudi nayo kutoka ndoo ya nguo chafu, akainyanyua kama nilivyosema. Alisema baridi ilimwingia kifuani. Baridi, Sib, mwezi ule. Na hakuna aliyecheka.

Nikasema ni Bibi mwenyewe aliyeniagiza, ndivyo wazee walivyolala.

"Mama hakuwa na akili," akasema. "Jina langu hakulijua. Wewe ukamfuata."

Wakaongeza na mengine: nilitoka mbele za watu nguo zimenigandama mwilini, niliingiza mwanamume asiye wao ndani ya nyumba. Lakini ilikuwa kanga hasa. Mwana mkubwa alitikisa kikombe chake, ile ishara ya kusema kahawa imetosha, akakiweka chini. "Khalas. Kifo ni cha Mungu, hatushtaki mtu. Ila huyu aondoke leo."

Ukisahau kwa kuwa una gari na ofisi, kifo ni cha Mungu. Ukiloweka kanga, kifo ni chako.

Jirani mmoja mwanamke, aliyenijua kwa kumpeleka Bibi barazani kwake, alinisaidia nikahamia kwa mwajiri mwingine. Sasa nafagia nywele saluni, Azaiba, barabara ileile yenye duka la binti. Kazi niliyoiweza, ya kutunza wazee, hakuna anayenipa tena. Habari ilinitangulia kila nyumba niliyobisha. Hata kanisani, ambako huku tunakwenda Ijumaa, dada mmoja wa Nyeri aliniuliza kwa upole kabisa kama ndiye mimi yule wa kanga. Nikamwambia ndiye mimi.

Juzi msichana wa shule alikaa kitini kwetu kusukwa, simu mkononi, anajifunza shairi la mtihani. Sikuhitaji kuelewa neno. Sauti ilipopanda na kushuka nilijua ni wapi tumefika, ufagio ukasimama peke yake mkononi mwangu. Watu waliotunga yale wamekufa zamani, masista wamekufa, Bibi amekufa, na bado punda anaitwa barazani kila siku, Azaiba, saluni, mbele ya kioo. Mamake yule msichana aliniona nimeduwaa, akauliza kama najua Kifaransa. Nikasema hapana. Akauliza mbona nalia. Nikasema dawa ya nywele.

Hadithi hizi zinaishi kwa sababu hazijaisha kutendeka, ndivyo nionavyo. Ila kuna kitu kimoja ambacho shairi halisemi, na Bibi hakuniambia: baraza lilipovunjika, nani alimrudia simba kumuuliza?

Mimi nauliza. Simtaki Mungu aniulizie, wala sitaki pole. Nakuuliza wewe mwana mkubwa, uliyeniahidi fundi: ulimpigia fundi yupi? Wewe kitindamimba, ulisikiliza pumzi za mamako ukaiweka simu mfukoni. Ulikuwa unakwenda wapi? Na wewe binti, ambaye asubuhi unapita mbele ya saluni na miwani yako ya jua. Itisha majlis ileile, waite majirani walewale mliowaambia habari ya kanga, washa kiyoyozi, nami nitasimama palepale kwenye vigae. Ushike mkononi, juu, waone wote, si kanga. Shika ufunguo. Useme mbele yao mama yako alipokuwa sakafuni nje ya mlango ule, ulikuwa kwenye mkoba wa nani.